Tochi ya Chura na Ufunguo wa Kanisa

Naandika haya kwa sababu yameshasemwa na watu wengi huku kwetu Lupembe, na kila anayeyasema anaongeza chumvi kidogo, mpaka nimeona bora niyaseme mwenyewe, maana aibu ni yangu na ninaijua vizuri kuliko wao. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimeruka jambo mnivumilie, lakini uongo hautakuwemo, na pale nilipokosa mimi nitasema nilikosa mimi.

Mjukuu wangu Lusungu ana miaka miwili na miezi michache. Mama yake, binti yangu Tumaini, anashona nguo Makambako, na mtoto ameniachia mimi mpaka atakapokuwa mkubwa kidogo. Sasa huyu mtoto anapenda mwanga kuliko uji. Umeme ukikatika hanyamazi mpaka apewe tochi aishike mwenyewe, yaani usimshikie, aishike yeye. Tochi ya kwanza niliinunua mnadani, ndogo, kifuniko chake kilifunguka kwa ukucha, na siku moja nikamkuta amekaa karibu na banda la kuku ametulia kimya (mtoto wa miaka miwili akitulia hivyo, nenda ukamwangalie), shavu limevimba kama la mtu anayekula karanga. Nikaingiza kidole, nikatoa betri, zile ndogo za duara zinazong'aa kama kifungo cha koti. Nikakaa chini palepale. Mama yake sikumwambia. Hapo nilikosa.

Nilipokwenda Makambako na Lusungu kumsalimia Tumaini nikaona nitafute tochi iliyo salama, na nikaelekezwa kwa Bwana Idi, anayeuza vitu vya umeme karibu na stendi. Nilidhani atanicheka, bibi mzima anatafuta tochi ya mtoto. Hakucheka hata kidogo. Alimwacha mteja aliyekuwa anabishana naye habari za redio, akaniwekea kiti.

"Anatupa vitu huyu?"

"Anatupa."

"Anang'ata?"

"Mpaka mbuzi kamng'ata."

"Basi mama, tusimtafutie tochi nzuri, tumtafutie tochi yenye uvumilivu."

Akazipanga mezani, na kila moja akaiwasha akajimulika machoni kwanza, kwa sababu, alisema, mtoto hamuliki njia, anajimulika machoni, ndivyo walivyo wote, na zilizomfanya afumbe macho akaziondoa. Zilizobaki akaziangusha moja moja kwenye sakafu ya saruji, mali yake mwenyewe, bila kujua kama nitanunua. Ikabaki moja ya rangi ya kijivu, nene, inayotumia betri kubwa za redio. "Hizi hazipiti kooni hata kwa ng'ombe," akasema. Ilikuwa mbaya kwa sura, kusema kweli, na nzito kama chupa ya chai.

Wakati huohuo Lusungu alikuwa ameshashika nyingine, chura wa kijani, ukimbonyeza mgongoni anafungua mdomo na mwanga unatoka mdomoni. Nikajaribu kumnyang'anya, akapiga ukelele uliowageuza watu hadi barabarani, na mimi kwa kuogopa macho ya watu nikasema haya, basi, nipe huyo chura. Hayo yote mtakayoyasoma yalianzia kwenye hiyo "haya basi".

Bwana Idi aliniangalia. "Mama, huyo ana betri tatu za duara. Zile zile unazozikimbia."

"Lakini ana skrubu."

"Skrubu anayo, ni kweli." Akachukua bisibisi akaikaza mwenyewe kwa nguvu. "Basi nisikilize. Usimfungue. Ukimfungua, hesabu: moja, mbili, tatu. Ikipungua na huioni, usimtapishe mtoto, usingoje kesho, kimbia hospitali." Akayarudia hayo mara mbili, na mara ya pili akanitaka niyaseme mimi. Kwa hiyo asije mtu akasema muuzaji hakunionya. Alinionya kama mtoto wa shule.

Wiki mbili chura alikaa vizuri. Halafu ikafika siku ya kuchuma chai. Kuna jambo moja nililifanya asubuhi ile kabla hatujatoka nyumbani, nimeliruka hapa kwa makusudi, kwa sababu siku ile na akili yangu ililiruka vilevile. Tutalikuta mbele.

Nilichuma na Lusungu mgongoni, chura mkononi mwake, ukungu haujainuka, baridi ile yetu ya kuuma masikio. Ilipofika saa za kupima tukashuka wote kwenye banda la majani. Karani wetu, Mama Neema, anapima na kuandika, na dereva wa lori, kaka Bakari, kijana wa Makambako anayejua majina yetu wote na maradhi yetu, anapakia mifuko. Nikamshusha Lusungu, nikamweka kwenye turubai pembeni. Mifuko ilikuwa imeshapakiwa nilipogeuka nikaona chura yuko wazi tumboni. Skrubu hamna. Kifuniko hamna.

Nikahesabu kama nilivyofundishwa. Moja. Mbili.

Nikahesabu tena. Moja, mbili, na kishimo cha tatu kitupu.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mama Neema akatupa kalamu. Mama mmoja akasema apewe maziwa, mwingine akasema ashikwe miguu atapishwe, na mimi pamoja na hofu ile nikasema hapana, Bwana Idi amesema asitapishwe, kimbia hospitali. Lusungu mwenyewe alikuwa anatuangalia kwa furaha, hajawahi kuona watu wazima wengi wakimchezea kiasi kile.

"Panda mbele na mtoto," akasema Bakari.

"Na majani?" akauliza mtu.

Hapa wasiojua chai niwaeleze: majani mabichi yakishapakiwa yanatakiwa kiwandani haraka, yakikaa yamebanana yanapata joto na kuharibika, na yale hayakuwa majani yangu, yalikuwa ya banda zima, jasho la watu la siku nzima. Hospitali iko ng'ambo, unakipita kiwanda. Nilitegemea atasikika hata mmoja wa kulalamika, na ningemwelewa. Mama Neema akasema tu, "Yanakwenda na mtoto." Halafu akasema neno ambalo mimi nisingelifikiri hata kwa mwaka: "Kama betri imedondokea kwenye mfuko, basi mtoto hakumeza. Tuitafute njiani."

Wakapanda. Kina mama sita, Mama Neema akiwemo, wakapanda juu ya mifuko, wakaifungua, wakawa wanapekua majani kwa mikono kiganja kwa kiganja, lori linakwenda, baridi inawapiga, na Bakari anapiga honi kila kona. Nilikuwa mbele nimemkumbatia Lusungu, simu ya Mama Neema mkononi, namweleza Tumaini. Ndipo nikalazimika kumwambia na ile ya banda la kuku. Akasema, "Mama, mara ya pili?" Hakusema zaidi, na mimi nikajua: huyu mtoto akipona, anachukuliwa. Na atakuwa na haki.

Tulipita kiwanda. Walinzi wakabaki wanashangaa lori la majani linawapita kama haliwajui. Tukaingia hospitali na honi, na kina mama sita wakashuka na majani kwenye vilemba na ndani ya nguo, wakaendelea kupekua mfuko wa mwisho palepale uwanjani.

Kwenye chumba cha eksirei alikuwepo dada mmoja mdogo tu kwa umri, mpole. Akasema, "Bibi, mvue mtoto kila kitu, mlaze hapo, asitikisike." Nikamvua. Yeye akaenda nyuma ya ukuta kwenye mashine yake, na mimi nikamwona mtoto anatetemeka kwenye ile meza baridi, nikamfunika tumbo na kitenge changu. (Alisema kila kitu. Nilisikia. Lakini baridi ya huku si ya kumwachia mtoto tumbo wazi, ndivyo nilivyowaza, kama nilikuwa nawaza.)

Picha ikatoka. Yule dada akaiangalia muda mrefu. Nikasogea, na hata mimi wa darasa la saba niliiona: duara moja nyeupe, katikati ya tumbo la mjukuu wangu.

"Ipo," nikasema. "Ipo, Mungu wangu."

"Bibi, subiri kidogo." Akainamia picha. "Nyumbani kuna ufunguo wowote uliopotea?"

Nikatazama alipokuwa anaonyesha kidole. Kando ya betri kulikuwa na ufunguo. Ufunguo kamili, meno yake na tundu lake, na niliufahamu ule ufunguo kama ninavyofahamu mkono wangu, kwa sababu mimi ndiye mtunza ufunguo wa kanisa letu mwaka wa saba sasa.

Jamani. Mtu mwenye akili angejiuliza ufunguo mrefu kama kidole umepitaje kwenye koo la mtoto ambaye hata ndizi lazima umkatie. Mimi sikujiuliza. Nilitoka mbio mpaka mlangoni, nikashika kichwa, nikawatangazia kina mama sita, dereva, wagonjwa na waliokuja kuwaona wagonjwa:

"Amemeza na ufunguo wa kanisa!"

Mama Neema alikuwa ndiyo kwanza amempata Tumaini tena kwenye simu, sauti ameifungua ili nisikie. Tumaini akasikia. Mama mmoja akapiga magoti. Mzee aliyekuwa kwenye foleni na mguu wenye bandeji akauliza, kwa heshima kabisa, "Kanisa lipi?"

Yule dada akanifuata, akanishika mkono, akanirudisha ndani, akafunga mlango. Hakunigombeza. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilisema umvue kila kitu."

"Nimemvua."

"Na hiki kitenge?"

"Baridi, mwanangu."

Akakiinua kitenge kutoka juu ya mtoto, akakipapasa mpaka pembeni, kwenye fundo. Akalifungua taratibu kama anayefungua kidonda. Ukadondoka kiganjani mwake ufunguo wa kanisa. Na betri.

Sasa ndilo lile jambo nililoliruka. Asubuhi ile kabla ya kutoka niliona Lusungu atambonyeza chura kutwa nzima shambani na betri zitaisha bure, nikachukua kisu cha jikoni, nikalegeza skrubu, nikatoa betri moja ili asiwake, nikairudishia skrubu kwa vidole tu, na ile betri, kwa kuwa mimi ni mwangalifu, nikaifunga mahali salama kabisa, kwenye pembe ya kitenge pamoja na ufunguo. Halafu nikaisahau kama sikuwahi kuzaliwa na kichwa.

Yule dada nilimwona anauma mdomo wa chini, lakini hakucheka. Akasema, "Tupige nyingine, tuwe na hakika," kwa sababu, alisema, fundo halithibitishi kwamba hakuna kingine tumboni. Nilimheshimu sana kwa hilo. Picha ya pili tumbo lilikuwa safi, halina kitu ila uji. Nikaulizwa kama niko sawa, nikasema niko sawa, nikalia.

Kuwatokea wale kina mama ilikuwa kazi kuliko yote. Nikawaambia kila kitu, na kisu, na fundo. Bakari akawa wa kwanza kusema: "Kwa hiyo shangazi, tumepekua lori zima, na betri imekaa mbele na dereva?" Ndipo wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, majani yanawadondoka vilemba. Baadhi ya mifuko ilikuwa imeshapata joto na kiwandani haikupokelewa. Nikasema wachukue kutoka kwenye majani yangu. Mama Neema akafunga daftari. "Tungemkuta nayo tumboni, ungetuuliza habari za majani?" Hiyo ndiyo hesabu yake yote, na sijaweza kuisahau.

Jumamosi Tumaini alikuja. Nilikuwa nimeshapanga nguo za mtoto kwenye begi, nimezikunja vizuri, sikutaka anikute nabishana. Alilitazama begi, akamwaga nguo kitandani.

"Kwanza, mama, ya banda la kuku usinifiche tena."

"Sitaficha."

"Pili, mtu anayeweza kupitisha lori la majani mbele ya kiwanda kwa ajili ya mwanangu, nimwache, nimpelekee nani?" Kisha akaongeza, na hapo nikajua ni binti yangu: "Ila funguo usimshikishe."

Tulimsindikiza Makambako, na nikamrudishia Bwana Idi chura wake. Bakari alikuwa ameshamsimulia yote. Bwana Idi hakusema "nilikuambia". Aliinama chini ya meza akatoa ile tochi ya kijivu, nene, mbaya, imefungwa kwenye karatasi. "Nilikuwekea toka siku ile, mama," akasema. Lusungu aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto, akajimulika machoni, akacheka.

Pembe za kitenge changu siku hizi ni wazi, zote nne, na nimeapa sitafunga kitu humo hata pini. Ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba. Jumapili iliyofuata nilifika kanisani na Lusungu nikakuta watu wamejaa mlangoni, mzee wa kanisa ametangulia mbele, uso mkavu kabisa, akanisalimia kwa kikwetu.

"Kamwene, mama. Ufunguo upo, tuingie? Au tumsubiri mtoto?"

Nikauvua shingoni. Ukungu ulikuwa mzito, tundu la kufuli halionekani, nikawa napapasa. Mtoto akaniinulia tochi yake nzito, kwa mikono miwili, akanimulikia.