Mjukuu Mmemuuza, Uwanja Hapana

Uwanja ninaousema uko Zinga, nyuma ya nyumba yangu, na ni wangu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu wakipita na wageni wao husema ule ni uwanja wa timu. Timu inachezea. Kuchezea na kumiliki ni mambo mawili, na aliyenifundisha hivyo ni baba yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Mimi nilikaa, lakini darasa la nne niliishia mlangoni.

Baba alikuwa analima mihogo pale. Msimu mmoja nguruwe pori waliifukua yote, akasema kuliko kulisha nguruwe, bora vijana wacheze mpira. Akawapa ruhusa kwa maneno machache: chezeni, simamisheni magoli, chimbeni hata choo mkitaka, ila msipande mti. Huku kwetu kila mtu analielewa hilo. Mtu ukimwazima shamba, apande mahindi, apande kunde, vitu ambavyo vikishavunwa, aliyepanda anaondoka navyo. Mnazi hapana. Mwembe hapana. Mti unakaa, na aliyeupanda anakaa nao, na siku ya ugomvi wazee wanaanza kwa kuuliza minazi ni ya nani. Hata barabara ilipopanuliwa, waliokuja kutathmini fidia walianza na miti. Jirani yangu alilipwa kwa mikorosho ambayo babu yake aliipanda kwenye shamba la watu. Akaezeka bati. Wenye shamba wanaliangalia lile bati mpaka leo.

Sasa nimseme mjukuu wangu. Nimemlea mimi, mama yake yuko Chalinze anawauzia chakula madereva wa malori. Kwa utani wetu yeye ni mume wangu na mimi mke wake, na tangu mdogo alikuwa ananiuliza mahari yangu ilikuwa nini, aone kama babu yake alipunjwa. Babu yake alikuwa kipa. Kipa mbaya, Mungu amrehemu, mpira wa juu alikuwa anaufumbia macho, lakini alikuwa na mabega, na mimi mwenzenu niliolewa na mabega. Mpira naupenda tangu siku hizo. Nikikaa pembeni ya uwanja refa ananijua, na mama yake refa pia naye nimeshamtaja sana.

Kijana akatoka winga, mguu wa kushoto. Klabu kubwa ya Dar ikamtaka. Timu yetu wakati ule ilikuwa na mfadhili, bwana mmoja wa mjini mwenye viwanja vingi kando ya barabara hii. Jezi alinunua yeye, mipira yeye, chakula cha wachezaji yeye. Basi na mazungumzo ya kumuuza kijana akayafanya yeye, na fedha za usajili zikaingia mkononi mwake. Mwenyekiti wa timu akaja kunipa habari. Mwenyekiti huyu mkewe nilimfunda mimi siku za harusi, kwa hiyo kwangu anaingia kwa adabu. Akasema fedha ipo, itajenga ukuta kuzunguka uwanja, itajenga na jukwaa, watu watalipa kiingilio. Sikupinga. Nasema kweli, nilishaanza kufikiria nitakaa upande gani wa jukwaa ili jua lisinipige usoni.

Kumbe kabla ya ukuta ilikuja miche. Asubuhi moja nimetoka kuanika makopa ya muhogo, naangalia uwanjani, naona miche ya minazi imepangwa pembeni kote, imemwagiliwa vizuri. Nikauliza. Nikaambiwa ni ya kivuli, mfadhili ameagiza. Mfadhili ni mtu wa kuja, ningeweza kusema hajui. Lakini waliochimba mashimo walikuwa watoto wa Zinga, wamezaliwa hapa, wamelishwa nazi za hapa. Hao nani atanidanganya kwamba walisahau?

Nikangoja siku ya mechi, watu wawepo. Timu zilipokwenda mapumziko nikaingia na jembe langu nikaanza kung'oa, mche mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti akaja mbio.

"Bi mkubwa, hii ni miche tu."

"Hata wewe ulikuwa mche. Leo unasimama mbele yangu mkono kiunoni."

Watu wakacheka, akautoa mkono kiunoni. Nikaendelea kung'oa. Mfadhili akashuka kwenye gari lake, akaniamkia vizuri, shikamoo kamili, nikaitikia marahaba. Tabia njema alikuwa nayo, siwezi kumsingizia. Akaniambia waziwazi kwamba hajengi kwenye ardhi isiyo na jina lake. Nisaini uwanja uwe wa kampuni yake, ukuta unapanda. Nisiposaini, atakata gharama zake zote kwenye fedha za usajili na atakwenda zake.

Basi nikaielewa hesabu yake. Amemuuza mjukuu wangu, na kwa fedha ya mjukuu wangu anataka kunizungushia ukuta mimi.

Wiki ile mjukuu akaja kutoka Dar. Akakaa jikoni, kwenye kibao cha mbuzi, kama alivyokaa siku zote, nami nasonga ugali.

"Mke wangu, wewe saini tu. Fungu langu la usajili analo mfadhili, hajanipa."

"Kwa hiyo anakushika wewe ili anipate mimi."

"Bibi, uwanja wenyewe mchanga. Kule tunachezea nyasi."

"Na huo mguu walioununua, ulijifunzia kwenye nyasi?"

Akawa anachorachora chini kwa kijiti. Niliona amekonda, na roho iliniuma, lakini nikasema nilichokuwa nacho.

"Mguu ni wako, mmeuuza, sikusema neno. Uwanja ni wa baba yangu. Huo siutoi kwa ajili ya fungu lako, wala la mtu mwingine."

Akainuka. Hakula. Mwezi mzima wa Ramadhani ulipita nikimpigia simu hapokei, na futari nilikuwa napika ya watu wawili, kwa mazoea ya mkono.

Mfadhili akaondoka na fedha. Akachukua na jezi na mipira. Mwenyekiti alihangaika ofisi za mpira, akaambiwa karatasi za mauzo zimesainiwa na mfadhili pamoja na viongozi wa timu yake mwenyewe, wakagonga na muhuri. Sokoni wakaanza kusema bibi kaua timu. Mmoja aliniambia mbele ya genge la samaki. Nikamjibu kwamba fedha ya timu sikuila mimi, akamtafute aliyeila, na kama anataka kutoa uwanja, atoe wa baba yake. Nikanunua vibua vyangu nikaenda.

Msimu ulipokaribia, mwenyekiti akapiga hodi. Alikuja peke yake, akakaa chini kwenye jamvi.

"Bi mkubwa, tumekuja kuomba uwanja."

Tangu baba afe hakuna aliyewahi kuja kuomba. Walikuwa wanaingia tu. Nikamuuliza, bila mfadhili, refa watamlipa nini. Akasema watachangishana. Nikamwambia chezeni, na wamama wa mihogo ya kukaanga wasitozwe kitu, na karatasi yoyote ya kusaini isivuke kizingiti changu.

Mechi ya kwanza walivaa jezi za rangi tofauti, mmoja hata ya shule. Walifungwa. Refa alikuwa yuleyule, nikamshughulikia.

Mjukuu wangu namsikia redioni. Fungu lake hajapewa mpaka leo, mama yake ndiye aliyeniambia. Akifunga goli napiga vigelegele peke yangu sebuleni, majirani wamezoea. Bado hajaja. Akija nitampikia, na akilitaja lile la kusaini nitamjibu vilevile, huku nampakulia.