Mama Aliyeombwa Alie Tena

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa, ukimaliza unisikilize. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kakamega, silewi, na macho yangu ni mazima. Haya yalinipata Luanda Kotieno, ufuoni mwa ziwa, saa nane mchana, jua likiwaka. Ingekuwa usiku ningesema labda niliota. Haikuwa usiku.

Kuna filamu moja iliyotengenezwa Kisumu na ufuoni mwa ziwa. Jina lake silitaji, sitaki kuwaongezea wenye filamu watazamaji. Niliitazama mara nyingi sana mwaka ule mama yangu alipofariki, kwa sababu ya kipande kimoja tu. Mashua inafika ufuoni na maiti ya kijana aliyezama, na mama yake anaingia majini na nguo zake zote, analia. Mimi kwenye mazishi ya mama sikuweza kulia. Lakini yule mwanamke akilia, nami nalia. Nikampenda kama jamaa yangu. Nikasema, shule zikifungwa nitaenda nipaone pale mahali.

Kisumu kuna bwana anayetembeza wageni sehemu hizo. Nitamwita Odhiambo. Ana gari, ana faili ya picha za filamu, na mkifika mahali anakutolea picha ulinganishe. Asubuhi tulianzia mtaa wa Kaloleni, hapo hapo mjini, kwenye nyumba ilimoigizwa filamu. Nikasimama mlangoni kwa watu, Odhiambo akanipiga picha, mwenye nyumba akatuangalia dirishani. Sikujali. Nakwambia ukweli, sikujali hata kidogo.

Tulipofika Luanda Kotieno, Odhiambo alinionyesha mawe yanayoonekana kwenye kipande kile, kisha akaenda hotelini kuagiza samaki. Feri ya Mbita ilikuwa imeshaondoka. Wanawake walikuwa wakigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, hatua kumi hivi kutoka niliposimama. Nikatoa simu nipige picha. Ndipo nikamwona, ameketi juu ya jiwe karibu yangu.

Alikuwa yule yule. Kitambaa cha kijani kichwani, gauni limechanika begani. Nguo zake zilichuruzika maji, na jiwe alilokalia lilikuwa kavu. Hilo la jiwe nililiona, lakini sikulitilia maanani. Utaniuliza, hukuogopa? Nilifurahi, ndugu yangu.

"Mama, si ni wewe ulikuwa kwa ile filamu?"

"Ni mimi."

"Nimetoka Kakamega, nimekuja kuona hapa."

"Umekuja kuona nikilia," akasema.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwangu mimi mwenyewe. Niliinua simu nikamwambia, "Unaweza kulia kidogo tu, mama? Kama vile ulilia pale. Nichukue video."

Aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, na kazi yangu sikuwa nimemwambia, "ile haikuwa sinema. Owino alikuwa nyathina, mtoto wangu wa kuzaa. Alienda kuvua, akapotea siku tatu. Hao watu wa kamera walikuwa hapa na mambo yao. Wavuvi walipomleta nikaingia kwa maji, nikalia. Mkubwa wao akasema wingu imefunika jua. Akaambia wavuvi warudishe mashua nyuma kidogo, waje tena. Wakarudisha, na mtoto wangu ndani. Akaniambia, mama, lia vile ulilia mwanzo."

"Na ukalia?"

"Nilidhani ni watu wa serikali, wanaandika kifo. Nililia mara tatu. Ile wewe unapenda ni ya tatu."

Akasimama, akanishika mkono ulioshika simu. Niamini, sijawahi kuguswa na baridi kama ile. Akafungua kinywa. Kilio hakikutoka kinywani mwake. Kilitoka nyuma yangu, majini, kile kile ninachokijua pumzi kwa pumzi, na kilipofika mwisho kikaanza upya, kikaisha, kikaanza upya. Wale wanawake wa omena hawakuinua hata kichwa.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Wacha. Usilie tena."

Kilio kikakatika. Akaniangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Halafu mkono wangu ukawa umeshikwa na hewa tu.

Odhiambo alinikuta nimepiga magoti. Nikamweleza yote, naye hakushangaa. Hilo ndilo lililonichoma.

"Madam, huyo mama alifariki," akasema. "Alipofariki, hata filamu ilikuwa haijatoka."

"Na ulijua kilio kile kilikuwa cha kweli?"

"Kila mtu hapa anajua."

"Na bado unaleta watu?"

"Wageni wanapenda hapo sana."

Nilimtukana. Mimi mwalimu, mbele za watu, nilimtukana mpaka wale wanawake wakaacha kazi yao kututazama. Samaki sikula. Nikamwambia kama huyo mama ameacha mtu duniani, anipeleke kwake sasa hivi.

Alikuwa ameacha binti, Akoth, anayenunua omena Usenge, ufuo mwingine wa wavuvi. Tulimkuta bado yuko kazini. Alinisikiliza akiendelea kujaza magunia.

"Wengine wamekuja kabla yako," akasema. "Na wewe pia ulimwambia alie?"

"Ndiyo."

"Wote wanamwambia."

"Nilimwambia pia awache."

Akoth akaliachia gunia. Akakaa chini kwenye mchanga, akajifunika uso kwa leso. "Hiyo," akasema, "hakuna mtu alikuwa amemwambia."

Aliniomba kitu kimoja: kipande kile kitolewe. Niliwaandikia wenye filamu, hawakujibu. Nikapanda gari hadi ofisini kwao. Mtu aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia hawawezi, kwa sababu ndicho kipande bora kuliko vyote. Nadhani ningemrushia kiti kama kingekuwepo cha kurusha. Bado naenda, na nitaendelea kwenda.

Mkono wangu wa kulia, pale aliponishika, haujapata joto hadi leo. Watoto darasani hushtuka nikiwagusa. Daktari ameutazama, hana jina la kuupa. Na nikiwa mazishini, nikaona mtu ameinua simu mbele ya mfiwa, namfuata na kuishusha kwa mkono huo huo. Mimi na ndugu zangu wawili hatusalimiani kwa ajili hiyo. Sawa tu.

Wewe unayejiandaa kwenda kutazama mahali ulipopaona kwenye filamu, nenda, lakini jua pana wenyewe. Na ukiona mtu analia vizuri mno, uliza kwanza analilia nani. Kama huwezi kuuliza, kaa kwako.