Hisa za Ukuta wa Ndiva

Kwa miaka thelathini na moja, maji ya kitongoji kimoja cha mlimani huko Bombo yalifunguliwa na mtu mmoja, Mzee Eliufoo. Ndiva, bwawa lao la mawe na udongo, ilijaa maji ya kijito usiku. Alfajiri yeye aliizibua, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, lakini ndiyo iliyokuwa heshima yake yote. Hakuwahi kumpunja mjane wala kumpendelea shemeji. Kwa hiyo wanakikundi wa maji walipochanga milioni mbili za kujenga ukuta upya, walimkabidhi bila kuandikishana.

Naye, akitaka ziongezeke kabla ya ujenzi, akazinunulia hisa za benki moja kubwa, elfu tano, kila moja shilingi mia nne. Hakuwa mwizi, tuelewane. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye aliipima benki kwa kipimo alichokijua: ndiva iliyojaa ina thamani. Kila gazeti lilipotangaza kwamba amana za benki ile zimeongezeka, alichekelea peke yake.

Masika yalipotia ufa ukutani, akateremka mjini Same. Afisa wa benki, binti aitwaye Salama, alimpa kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata fedha za ukuta."

Salama akatazama kompyuta. Hisa moja sasa ilikuwa shilingi mia mbili na ishirini, tena mpaka apatikane mnunuzi sokoni.

"Lakini mmejaa!" Mzee akasema. "Amana si zimeongezeka?"

"Amana ni za watu, baba. Kwetu ni deni. Anayeweka tunamlipa riba ndogo, anayekopa anatulipa riba kubwa. Tunaishi kwa ile tofauti, na ada kidogo. Mwaka huu mikopo mingi haikurudi, ikala faida. Mnunuzi wa hisa haangalii tumejaza nini. Anaangalia tutapata nini kesho."

Eliufoo alielewa, na kuelewa kulimuuma. Muda wote huo alikuwa akifurahia maji ya wenyewe.

Nyumbani alikuwa na ng'ombe wawili. Angewauza kimyakimya, akajaza pengo, na siri angeizika. Njia nzima ya kupanda mlima aliwauza na kuwarudisha zizini, kichwani mwake. Lakini Jumamosi, watu walipokusanyika na majembe kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, alivua kofia akasema yote.

Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Priska, mjane mwenye shamba la mwisho mferejini, aliuliza swali moja tu.

"Ulituuliza, Mzee?"

"Sikuwauliza."

Wakaziba ufa kwa udongo. Ng'ombe aliwatoa hata hivyo, kufidia pengo, nao wakawapokea. Kazi ilipokwisha wakamwomba mti wa kuzibulia ndiva, naye akamkabidhi Priska kwa mikono miwili.

Kesho yake aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa koti taratibu kuliko siku zote, akafika mlangoni. Hapo akasikia maji yakishuka mferejini.

"Wamefungua mapema mno," alimwambia mkewe.

Mkewe alijua kwamba saa ilikuwa ileile ya siku zote. Eliufoo akakaa kizingitini na koti lake, akalia.