Bi Tochi na Filamu Zisizo na Mwanzo Wala Mwisho

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hajagusa shuka hata moja, Bi Tochi anatumbukiza mkono wake wa kulia ndani ya ndoo ya maji ya moto na kufumba macho. Anahesabu kimoyomoyo hadi mia mbili. Akimaliza anautoa, anaukausha kwa aproni, kisha anavikunja vidole kimoja kimoja kuona kama vinatii.

"Nisipouchemsha hauamki," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyesimama mlangoni. "Siku hizi mkono huu ni mvivu kuliko mume wangu, na mume wangu nimemwacha kitandani."

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo la hospitali. Madirisha mawili yamebanana na dari, na kinachoonekana kupitia vioo vyake ni miguu ya wapita njia. Sakafu haijawahi kukauka tangu aanze kazi hapa. Juu ya meza ndefu kuna pasi nne nzito, nyaya zake zimeviringishwa plasta ileile inayofunga vidonda huko wodini.

Toroli la kwanza linaingia kutoka kwenye mashine ya kukaushia. Wapiga pasi watatu wanajipanga upande mmoja wa meza, na Bi Tochi anasimama peke yake mwisho wa meza, mahali pa kukunja. Mdogo wao, ambaye bado wanamwita Bibi Harusi ingawa ndoa yake ina miaka sita na mtoto mmoja, ndiye anayeuliza.

"Bi Tochi, leo tunaangalia nini?"

Wenyewe wanasema kuangalia, ingawa chumbani hamna televisheni wala redio. Leo wanaangalia filamu ya hakimu aliyejikuta amefungwa kwenye jela aliyoizindua mwenyewe. Bi Tochi anakunja shuka mara mbili, anaisawazisha kwa kiganja, anaiweka juu ya nyingine, na hakimu naye anapigwa kofi na mfungwa aliyemhukumu miaka kumi.

"Anastahili!" anasema Mama Pacha, mpenzi wa filamu za ngumi, bila kuinua macho kwenye pasi yake.

Bi Tochi anakaribia miaka hamsini na tisa, na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Theluthi ya mshahara wake huishia kwenye nauli, sehemu kubwa ya kinachobaki ni kodi ya vyumba viwili, na mume wake, dereva wa zamani, ana mgongo ulioharibikia kwenye lori. Kiinua mgongo cha miaka thelathini na miwili ndicho wanachokisubiri wote wawili.

Jina la Bi Tochi alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, alipoajiriwa kwenye jumba la sinema kuchana tiketi na kuwaonyesha watu viti vyao gizani. Kwa miaka saba alisimama kando ya mlango na tochi yake. Watu wengi walidhani ana bahati, kwamba anaangalia filamu bure kila jioni.

"Bure ipi?" anauliza. "Filamu ikianza, mimi napeleka waliochelewa. Na watu wetu unawajua, nusu ya ukumbi huwa imechelewa. Nikipata nafasi ya kuegemea ukuta, watu wameshagombana na sijui wamegombania nini. Halafu dakika kumi kabla ya mwisho natakiwa nje nikafungue milango ya kutokea. Nasikia muziki, nasikia watu wanalia, mimi nahangaika na komeo."

Ndiyo kusema kwamba katika miaka saba aliona mamia ya filamu, na hakuna hata moja aliyoiona mwanzo wala mwisho. Majina yake pia hayajui, kwa kuwa yalipoandikwa kwenye pazia yeye alikuwa na tiketi za watu mkononi.

Siku moja tu aliingia kama mteja. Mume wake, wakati huo wakiwa wachumba, alimkatia tiketi siku ya mapumziko yake. Mwanamume alisinzia kabla hata robo ya filamu haijapita, akakoroma mpaka safu ya nyuma ikalalamika. Bi Tochi akamtoa nje kwa aibu katikati ya harusi ya mhusika mkuu.

"Mpaka leo sijui kama walioana," anasema. "Sisi tuliotoka ndio tulioana."

Jumba lilifungwa, likageuzwa ghala la saruji. Bi Tochi akahamia hospitalini na vipande vya filamu kichwani, na akaanza kuviunga.

Desturi ya meza ile ilianza miaka kumi na mmoja iliyopita. Kupiga pasi saa nane mfululizo ndani ya mvuke kunachosha mwili, lakini kunachosha akili zaidi. Wakakubaliana wasimuliane filamu kwa zamu, kila mtu aipendayo. Sheria ilikuwa moja: anayesimulia anakunja, wanaosikiliza wanapiga pasi. Kukunja ni kazi nyepesi, na pasi haihitaji masikio ya mtu, inahitaji macho.

Bibi Harusi alipofika alileta filamu za mapenzi alizoangalia na dada zake wakiwa wamebanana kwenye kitanda kimoja. Mama Pacha alisimulia zile alizoziona akiwa na mimba ya pacha wake, sebuleni kwa jirani, akila barafu bakuli zima. Lakini taratibu zamu zikapungua. Huyu koo linamuuma, yule hajaangalia kitu kipya. Kila siku ikawa ya Bi Tochi, na yeye akaona ni sawa.

"Niliamini nawazidi," anasema, na hacheki. "Nilijiona fundi."

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mjane na saa ya ukutani. Mwanamke yuko ndani ya treni, amepakata kapu, ndani ya kapu kuna saa kubwa. Askari anakaa mbele yake. Saa inaanza kulia. Hicho ndicho kipande alichokiona Bi Tochi. Mwanzo aliutunga mwenyewe: saa ni ya marehemu mume, ambaye mwajiri wake alimdhulumu. Mwisho nao aliutunga: kituo cha mwisho, mvua inanyesha, mwanawe anamsubiri na mwavuli. Mama Pacha, mwanamke anayeweza kubeba gunia, alilia kwenye mwavuli kila mara.

Miezi minne iliyopita, Bibi Harusi alitaka kumfurahisha Bi Tochi. Mume wake anatengeneza simu, na kwa kutafuta treni, mwanamke na saa, akaipata filamu yenyewe. Akaja nayo kazini, akaiegemeza simu kwenye mkebe wa wanga, wakaanza kuangalia huku wakipiga pasi.

Kilichotokea kingeweza kutabiriwa na yeyote aliyewahi kushika pasi. Sikio linaweza kuazimwa, jicho haliazimwi. Kabla ya saa tatu Bibi Harusi alikuwa ameunguza shuka moja. Mama Pacha akaunguza ya pili, alama ikabaki kahawia, umbo la pasi kamili na ncha yake.

Ya tatu ni ya Bi Tochi. Alikuwa amempokea Bibi Harusi pasi ili aongeze sauti, na papo hapo mlango wa nyumba kwenye filamu ukafunguliwa, akatokea mwanamume akipiga mswaki. Mume wa mjane. Mzima.

"Miaka kumi na mmoja nimemwua mume wa mtu!" anasema Bi Tochi. "Kumbe mwanamke kamkimbia tu. Nikabaki mdomo wazi mpaka Mama Pacha akasema, mama, moshi."

Na mwisho je? Treni inafika, hakuna anayemsubiri, mwanamke anamwachia askari saa na kupanda treni ya kurudi. Hamna mvua wala mwavuli.

Msimamizi, mwanamke aliyepiga pasi kwenye meza hiyohiyo kabla ya kupandishwa cheo, alizitandaza zile shuka tatu mbele yao. Jioni akabandika karatasi ukutani: simu marufuku, hadithi marufuku, na kila mfanyakazi atapiga pasi na kukunja shuka zake mwenyewe, tisini kwa siku. Atakayeshindwa kwa mwezi mzima atapelekwa mbele ya jopo la madaktari.

Kila aliyefanya kazi pale anajua maana ya jopo. Ni kustaafishwa kwa ugonjwa, na kiinua mgongo kilichokatwa.

Siku ya kwanza Bi Tochi alimaliza shuka sitini na moja. Siku ya nne, arobaini na nne. Kifundo cha mkono kilivimba mpaka akaiazima saa ya mkononi ya mumewe, maana mkanda wa yake haukufika. Chumba kizima kilikuwa kimya, na ukimya ule, anasema, ulikuwa mzito kuliko pasi.

Siku ya sita alihesabu fungu lake akakuta shuka sabini na tano. Alijua hakuzipiga. Alipogeuka, akamwona Bibi Harusi akisogeza nyingine kwa kiwiko.

"Sitaki sadaka," alimwambia. "Mimi si ombaomba wa meza hii."

Aliyejibu ni Mama Pacha, na alijibu kwa hasira za mtu aliyechoka. "Sadaka? Mama, zamu zetu unafikiri zilikwenda wapi? Tulikuachia wewe ukunje. Mkono wako tunauona huu mwaka wa tano. Tungekwambia nini, kaa? Ungekaa? Ya mjane tumeisikia mara arobaini! Mwavuli naujua mpaka rangi!"

Bi Tochi aliiacha pasi. Aliingia chooni akalia. "Andika hivyohivyo," anamwambia mwandishi. "Nililia chooni, mama mzima. Sikulilia mkono. Nilililia zile filamu. Nilidhani wananisikiliza, kumbe wananibeba."

Kwa siku tatu alipiga pasi akiwa amewapa wote mgongo. Nyumbani mume wake alimuuliza mara moja tu, kisha akamchemshia maji ya mkono bila kuombwa, jambo ambalo Bi Tochi anasema lilimtisha kuliko jopo.

Siku ya nne alipanda ngazi hadi ofisini kwa msimamizi, akaunyanyua mkono wake na kuuweka juu ya meza, penye mwanga. Mficha uchi hazai, alijiambia njiani.

"Nilimwambia, miaka mitano sipigi pasi, nabebwa. Kama ni kubebwa, basi nibebwe kwa maandishi. Andika kwamba kukunja ni kazi, na mtu wa kukunja ni mmoja. Kama huwezi, niite jopo leo, nisiue na wengine."

Msimamizi anakumbuka kwamba alitaka kumfukuza. Badala yake alifungua daftari la kazi. Kabla ya karatasi yake, watu watatu wakipiga pasi na mmoja akikunja, meza ilitoa shuka mia tatu na thelathini kwa siku. Baada ya karatasi, watu wanne kila mmoja na lake, haikufika mia tatu.

"Nami niliwahi kusimama pale," anasema msimamizi. "Ile filamu ya mjane niliiangalia nyumbani, usiku uleule nilipowanyang'anya simu. Nikaizima. Mwanamke anarudi kwa mume wa aina ile? Hapana. Ya Bi Tochi ndiyo iliyotengenezwa vizuri."

Akaandika: mkunjaji, mmoja. Simu ikabaki marufuku. Kuhusu hadithi, neno lenyewe lilifutwa kwenye karatasi kwa kalamu, na hakuna aliyeuliza.

Hata hivyo Bi Tochi alikunja wiki mbili bila kusimulia filamu yoyote. Aibu haiondoki kwa maandishi. Kilichomrudisha ni Bibi Harusi, aliyesema siku moja, bila kumwangalia usoni, kwamba mtoto wake hulala kwa kusimuliwa filamu ya hakimu, na yeye, mama, amefika mahali amesahau.

"Nilimsahihisha tu," anasema Bi Tochi. "Nikajikuta nimefika jela."

Lakini Alhamisi hasimulii. Kwa mwezi sasa Alhamisi ameilazimisha iwe ya Mama Pacha, naye ndiye anayesimama mahali pa kukunja. Siku hiyo Bi Tochi anashika pasi kwa mkono wa kushoto, anapiga foronya tu, polepole, akilipia kila moja kwa kuguna.

Mama Pacha ni msimulizi mbaya ajabu. Anaanza kwa kutaja nani atakufa. Anawasahau watu ndani ya gari linalowaka moto na kuwakumbuka wakiwa harusini. Shuka zake anazikunja kama mtu anayekimbia polisi. Kwa nini basi kumtesa yeye, na kuutesa mkono wake mwenyewe?

Mwandishi anaporudi Alhamisi, Bi Tochi anasubiri mpaka Mama Pacha atoke kwenda kuleta toroli.

"Ana miaka hamsini na mmoja," anasema kwa sauti ya chini. "Bega lake la kulia limeanza. Hajasema, na hatasema, namjua. Lakini ikifika saa nne anahamishia pasi mkono wa pili, anadhani hatuoni. Mimi naondoka baada ya miezi kumi na minne. Nafasi imeandikwa, itabaki wazi. Siku hiyo nataka msimamizi asiulize nani anaifaa."

Na yeye mwenyewe anajua?

"Nani amwambie? Mimi niliambiwa, na umesikia ilivyonikaa. Yeye anajua nimechoka kusimulia, basi. Na kuchoka nimechoka kweli, hapo simdanganyi." Anaupangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Andika tu. Kwenye gazeti Mama Pacha husoma ukurasa wa mpira."

Toroli linaingia likigonga mlango, na Mama Pacha nyuma yake, bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine. Anachukua nafasi yake mwisho wa meza na kuvuta shuka ya kwanza.

"Haya, endelea," Bi Tochi anamwambia, akiinua pasi kwa mkono wa kushoto. "Na safari hii usimwue mtu kabla hatujamjua."