Meli Aliyozama Nayo Babu

Babu mzaa mama alikuwa baharia wa Tanga, akitia makaa kwenye matanuri ya meli kubwa ya abiria. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, jeshi la majini liliichukua meli ile, likaipaka rangi ya kijivu na kuifungia mizinga. Ilizamishwa mbali, naye akiwa ndani. Mama yangu alikuwa bado tumboni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Johannesburg, mtaa wa Malvern, Jules Street. Siku moja kazi ilikuwa chache, nikaitafuta meli hiyo kwenye simu. Nikaona picha za wazamiaji wakiogelea juu yake. Kumbe hufikiwa. Na kumbe hata huku, kusiko na bahari, wapo wanaofundisha kuzamia katika bwawa la kuogelea. Nikamwendea mwalimu mmoja, mama wa Kizungu, nikamweleza.

“Naijua,” alisema. “Narudi huko mwaka huu. Nikuletee nini?”

“Usitoe kitu mle. Nataka kuona tu alipo.”

“Ndani hatuingii, ni kaburi. Lakini ubavu umefumuka. Matanuri yanaonekana kwa nje.”

Aliporudi safarini alinifuata dukani na video. Maji ya buluu, kisha chuma kilichoota matumbawe, kisha matanuri, milango wazi, samaki wadogo wakiingia na kutoka. Mwanga wa tochi ukatua hapo, ukatulia.

“Hapa nilikaa kidogo kwa ajili yako,” alisema.

Nikamvutia kiti.

Nilimtumia mama video ile, naye akanipigia kutoka Tanga.

“Mbona pana mwanga,” alisema. “Miaka yote nilidhani ni giza tupu.” Kisha akaongeza: “Bibi yako hakukubali baba asomewe hitima. Alisema atarudi, mpaka naye akafa. Una watu huko?”

“Ninao, mama.”

“Basi someni huko, nasi tusome huku, siku moja.”

Tukasoma Jumapili, kwenye fleti yangu Joubert Park. Watu wa Tanga na Unguja walijaa hadi koridoni. Jirani yangu, mama wa Kikongo, Mkristo, alileta sufuria zake tukapika pilau pamoja.

“Marehemu alikufa na nini?” aliniuliza.

“Vita.”

“Vita ya kwetu?”

“Hapana, ile ya zamani, ya Wazungu. Ni babu yangu.”

Akaweka mwiko chini, akanishika mkono.

“Pole sana, dada,” alisema, nami nikalia.