Joka Lililosema Marahaba

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka karibu na cherehani yangu, simu mkononi, anacheza gemu. Mimi napinda sketi za shule, jicho moja kwenye uzi, jingine kwake. Kijana wa kwenye gemu, upanga mgongoni, akafika kwenye nyumba ya watu, akasukuma mlango, akaingia. Akavunja chungu. Akavunja na cha pili. Akafungua sanduku, akakomba kilichomo, na mama mwenye nyumba kasimama pale pale anatazama ukuta.

"Piga hodi, wewe!" nikapayuka, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akashtuka.

Mtoto akacheka. "Shangazi, si gemu tu hili?"

Gemu tu. Ndugu yangu, neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mdogo hapa hapa Tunduma, kwa walimu, kwa majirani, kwa kaka zangu wenyewe. Sikulikubali wakati ule na leo ndiyo kabisa. Kaa hapo nikusimulie.

Nimelelewa na Bibi. Nyumba yetu ilitazama foleni ya malori ya kuvuka mpaka, na asubuhi tuliamshwa na breki zikipiga miluzi na madereva wakichemsha chai pembeni ya matairi. Mwezi wa sita ulikuwa mwezi wa upepo. Upepo wa Tunduma hauna adabu, unakuvua kitenge na kukulisha vumbi kwa pamoja. Bibi alizaliwa Ivuna kwenye chumvi, akakulia kwenye moshi wa kuchemsha maji ya chumvi, na hata alipohamia mjini hakuwahi kununua chumvi ya pakiti. Aliletewa ya kwao kwenye kifuko, akaificha kama watu wanavyoficha dhahabu.

Kazi yake ilikuwa chikanda. Kama hujawahi kuila, pole sana. Ni viazi vidogo vya porini vinavyokaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vishikane, halafu unakata vipande kama keki. Wateja wake wengi walikuwa akina mama wa ng'ambo, upande wa Zambia. "Mulishani, bamayo," wakisalimia, na Bibi anawajibu kwa Kibemba chake cha sokoni, huku kisu kinakata. Kazi yangu ilikuwa kuchambua karanga na kutumwa magadi.

Sasa njia ya magadi ilipita kwenye kibanda cha jirani yetu, fundi redio. Mbele alitengeneza redio na pasi, nyuma ya pazia alikuwa na kompyuta kuukuu ameiunganisha na televisheni ya chogo, na humo ndimo watoto wa mtaa mzima tulikuwa tunafia. Kulikuwa na gemu moja tu la maana. La zamani, la safari. Kijana anatoka kijijini kwao na upanga, anazunguka nchi nzima, anaongea na watu, anapigana na wanyama, anapanda levo, na mwisho kabisa, alivyotuambia Fundi, juu ya mlima, anakutana na joka. Maandishi yake yalikuwa Kiingereza na hakuna mtoto aliyeyaelewa. Tulibonyeza tu mpaka kitu kitokee.

Siku moja nilitumwa magadi nikanogewa. Bibi alinisubiri, chungu kikamngoja, mwisho akaja mwenyewe. Pazia likafunguka, tukamwona amesimama na mwiko mkononi, kilemba kimekaa upande kwa upepo. Nikajua leo nimeiva. Lakini Bibi alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama televisheni, ambako kijana wetu alikuwa ndiyo kwanza anaingia nyumba ya mtu na kuanza kuvunja vyungu.

"Huyo ni nani anaingia kwa watu hivyo?"

"Ni sisi, Bibi," akajibu mtoto wa mwenye bucha, aliyekuwa ameshika padi, kile kidude cha vitufe. Yeye ndiye alikuwa bingwa wetu, na siku zote alikuwa na haraka ya kujibu. "Huyo tunamwendesha sisi."

"Nyie? Nyie ndio mnaomvunjia mama wa watu vyungu, naye amesimama anawaangalia?"

Fundi akaja mbio kutoka mbele, waya shingoni. "Shikamoo Bibi. Hapana, hili gemu ndivyo lilivyoundwa. Lazima avunje ndipo apate dawa."

"Marahaba. Limeundwa na nani?"

"Watu wa mbali huko, Bibi."

"Hawana mama zao?" Akamnyooshea mwiko. "Wewe si fundi? Redio yangu ilipoanza kukohoa uliifungua ikapona. Hii nayo inaumwa. Inaumwa wizi. Itibu."

Akanishika sikio tukaenda zetu. Nyuma nilisikia wenzangu wanaangua kicheko, lakini Fundi hakucheka. Alikuwa anakula chikanda ya Bibi kila siku, na huwezi kula kwa mtu kila siku halafu neno lake likaanguka chini.

Basi kompyuta ikafunikwa kitambaa. Tukipita tunamwona ameinama, miwani puani, anaandika, anafuta, anaandika. Alikuwa na programu ya kufungua tumbo la gemu, na alichokikuta humo alikigusa chote. Watoto wa mtaa wakanuna. Likizo ilipoanza ndipo akavuta kitambaa, akasema, "Nimelichakachua. Njooni."

We acha tu. Watu wa kwenye gemu walikuwa wanaongea Kiswahili! Mlinzi wa daraja alitusalimia kwa Kibemba. Wanawake amewachora vilemba. Dawa ya kuponya majeraha imekuwa kifuko cha chumvi ya Ivuna, na Bibi alipoambiwa alijifanya hajasikia, lakini nilimwona anageukia ukuta na kutabasamu. Na ndani ya kila nyumba kulikuwa na sheria mpya. Unasimama mlangoni, unapiga hodi, unangoja. Mwenye nyumba akiwa mtu mzima unampa shikamoo. Akishasema "Marahaba, mjukuu, karibu," anafungua sanduku mwenyewe na kukupa kilichomo. Ukiwa na chumvi ukamzawadia, anakubariki na kukufungulia mlango wa uani uendelee na safari. Ukivunja chungu, habari zinakutangulia, kijiji kizima kinafunga milango na njaa inakupiga. Na moja ya mwisho, aliyoiweka kwa sababu sisi alishatujua: nyumba uliyokaribishwa, upanga hautoki alani. Bonyeza utakavyobonyeza.

"Aisee, gemu limekuwa mkutano wa ukoo," mtoto wa mwenye bucha akalalamika. "Nitapigana saa ngapi?"

Lakini hakuondoka. Hakuna aliyeondoka. Tulianza kuwajua wale watu, nakwambia. Kulikuwa na mama mmoja kwenye kijiji cha bondeni ambaye hakuwa na cha kutoa ila maji, na bado tulikuwa tunapita kumsalimia. Bibi naye akahamishia sinia lake la chikanda mlangoni pa kibanda, eti pale hakuna upepo. Akawa ndiye mwalimu wa gemu bila kugusa padi. "Hujamjibu huyo mzee. Rudi." Na mtu akikurupuka alikuwa na msemo wake: "Mlango wa mtu si mlango wa zizi."

Kilichotuharibia raha ni mwenyekiti wa mtaa. Wazazi walikuwa wamemlalamikia kwamba watoto wanapotea, hawasomi, wanajifunza ukatili. Akaja, akasimama nje bila kuchungulia ndani, akamwambia Fundi shule zikifunguliwa kibanda cha nyuma kife. Abaki na redio zake. Fundi akainamisha kichwa, "Sawa, Mwenyekiti." Sisi tukatazamana. Kulikuwa na likizo moja tu ya kufika kwa joka, na mtaa mzima hakuna aliyewahi kumwona. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, padi nilipewa wa mwisho kila siku, na nilitaka kuuona mwisho wa lile gemu kuliko nilivyotaka sweta jipya.

Tulicheza kama watu wanaokimbiza mvua. Umeme ulikatika, tukangoja. Ukarudi, tukaanzia tuliposevu. Siku ya mwisho ya likizo, Jumapili, upepo unapiga mabati, tulikuwa mlimani. Kibanda kilijaa mpaka watoto wengine walikaa juu ya betri za malori. Padi ilikuwa kwa mtoto wa mwenye bucha, na hakuna aliyebisha, maana huyo ndiye mwenye mkono. Akapita pango, akapita moto, akafika kwenye mlango mkubwa wa mawe. Gemu likajisevu lenyewe. Mbele ya hapo hakuna kurudi.

Na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya likizo nzima. Ukapiga hodi.

Mlango ukafunguka. Joka lilikuwa limejaza kioo chote, jekundu, moshi puani. Mtoto wa mwenye bucha, macho yamemtoka, akabonyeza kitufe kinachofuata bila hata kujua anabonyeza nini. Maandishi yakaandikwa chini: *Shikamoo.*

Joka likaitikia: *Marahaba, mjukuu. Karibu.*

Kibanda kikalipuka. Watu walicheka mpaka betri zikapinduka. Fundi alijishika kichwa. Alipoweka sheria ya shikamoo alikuwa ameiambia kompyuta tu kwamba kila mwenye umri mkubwa aitikie, na humo tumboni joka lilikuwa limeandikiwa umri mkubwa kuliko watu wote. Nani angekumbuka kwamba kuna siku mtu atakwenda kulisalimia joka? Watu wa huko mbali wasingekumbuka kamwe. Ni sisi tu.

Bingwa wetu akabonyeza upanga. Haukutoka alani. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa hasira. *Karibu, keti,* joka likasema.

"Oya, umeliua gemu!" mmoja wetu akapiga kelele.

"Wamelitia ubibi-bibi hili!" bingwa akafoka, machozi yanamlenga. Akanirushia padi kifuani. "Shika wewe. Si mnapenda salamu na bibi yako? Haya, salimianeni!"

Fundi akavuta kiti. "Tulieni. Naifungua, naitoa hiyo sheria kwa joka peke yake. Jioni mnampiga."

Wote wakaitikia, ndiyo, toa, tumpige. Nami, ambaye sikuwa na sauti mle ndani, nilisikia sauti yangu. "Usitoe."

"We mtoto vipi?" Fundi akanigeukia.

"Ametukaribisha," nikasema. "Mtu akishakukaribisha ndani ndiyo basi. Usitoe, Kaka Fundi."

Fundi akamtazama Bibi mlangoni. Bibi aliendelea kukata chikanda yake. Nadhani alitaka nisimame mwenyewe.

Nikafungua mfuko wa kijana wetu. Kulibaki kifuko kimoja cha chumvi. Nikalizawadia joka. Likasema maneno yale yale ambayo Fundi alikuwa amewaandikia wenye nyumba wote: *Ubarikiwe, mjukuu. Njia nyeupe.* Ukuta wa nyuma ukafunguka kama mlango wa uani wa nyumba yoyote ile. Kijana wetu akatoka.

Huko nje hapakuwa na kitu. Watu wa mbali hawakuwahi kupachora, Fundi hakuwahi kupagusa. Ni majani tu, kijani mpaka mwisho wa kioo, na kijana wetu anatembea. Nilishika kitufe akatembea, akatembea. Hakuna adui, hakuna levo. Kicheko kikafa chenyewe. Mtoto wa mwenye bucha akasogea akakaa karibu yangu, kamasi anafuta kwa mkono, akanong'ona, "Usiachie."

Hapo ndipo mwenyekiti alipoingia, kufuli mkononi. "Fundi, likizo imekwisha. Zima."

Bibi akainuka na kipande cha chikanda kwenye karatasi. "Mwenyekiti, mtoto wa watu yuko njiani. Huwezi kumzimia mtu njiani. Kaa kwanza ule."

"Mama, mimi nilishasema."

"Ulishasema. Na mimi nasema kaa ule."

Akakaa. Angefanyaje? Akala polepole, macho kwenye kioo, na baada ya muda akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Anakwenda wapi huyo?"

"Hatujui," tukajibu wengi kwa pamoja.

Akamaliza chikanda yake, akapangusa vidole, akangoja mpaka umeme ulipokatika wenyewe. Kisha akafunga. Alikuwa mtu wa neno lake, simlaumu. Jumatatu tulikwenda shule na kibanda cha nyuma hakikufunguliwa tena.

Leo pale ni maegesho ya malori. Fundi alivuka ng'ambo na vyombo vyake, nasikia kompyuta ile ilikatwa vipuri, na gemu lake, lile moja duniani, likaenda nayo. Bibi tulimrudisha kumzika Ivuna, kwenye udongo wenye chumvi. Wale mama wa vilemba wa kwenye gemu, yule wa bondeni mwenye maji tu, hawapo popote. Hata ukitafuta.

Watu wanasema tulipoteza likizo nzima. Nami nasema hapana, na nitasema hapana mpaka nizeeke. Usiku wangu wa kushona ukiisha najifunza kwenye simu kuchora nyumba ndogo ndogo, mlango, dirisha, mama mwenye kilemba. Wananiuliza, utatengeneza gemu na kidato chako cha pili? Ndiyo, na hicho hicho.

Nilimsimulia mtoto wa kaka yangu yote haya huku napinda sketi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu vidole vikaanza kukimbia kwenye simu. "Shangazi, nimelipata! Lile la asili, lisiloguswa. Kuna mtu kaweka video, anamaliza gemu lote. Anamchoma joka upanga moyoni, halafu fataki. Tazama, huu hapa mwisho wake."

Akaninyooshea simu. Niliona ukingo tu wa wekundu, na moshi wa pua ninaoufahamu.

Nikaigeuza kifudifudi kwenye meza ya cherehani.

"Hutaki kuuona mwisho, Shangazi?"

"Nimeshauona," nikamwambia. "Nenda kaninunulie uzi wa kijani."