Mtembeza Wageni Aliyebaki Mlangoni

Kama wiki hii umepita soko la Gakoromone ukaona bucha ile ya mlango wa kijani imefungwa, ukadhani mwenyewe ameenda Isiolo kutafuta ng'ombe, ngoja nikwambie mimi, maana afadhali uambiwe na mtu uliyemzoea. Mwenyewe hayuko tena. Alifariki alfajiri, nyumbani kwake hapa Meru mjini, na alasiri ya siku hiyo hiyo akazikwa, kwa sababu alikuwa Mwislamu na kwao maiti haicheleweshwi. Mimi nilikuwa Laare na mitumba yangu, nimetandika turubai, nachekeshana na vijana wa miraa kuhusu koti moja lenye mikono mirefu kama ya zimwi, simu ikaita. Nilikunja nguo zote bila mpangilio nikapanda gari. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakipangusa udongo mikononi, na viti vya plastiki vimeanza kupangwa kimoja juu ya kingine. Mtu mmoja akaniangalia na gunia langu la nguo akasema, bila ubaya wowote, "Umechelewa, kijana." Nikakaa kwenye kiti ambacho hakijapangwa bado. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu, na ni vizuri. Sikuwa ndugu yake wala rafiki wa rika lake. Nilikuwa mgeni wake wa asubuhi moja, halafu nikawa mteja wa kuongea kuliko kununua.

Wengi mlimjua kwa kisu. Wachache tulimjua kwa kazi yake nyingine, ile aliyoifanya alfajiri kabla ya kufungua bucha, na nitawaeleza nilivyoijua. Nyinyi mnaosoma safu hii mmenizoea na ndoto zangu. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini kwenye simu nimeshazunguka dunia nzima. Basi siku moja nilikuwa nimeegemea kaunta yake nikimwonyesha picha za mahekalu ya kale ya nchi za mbali, nguzo zimevunjika, jua linachomoza katikati, na mgeni mmoja amesimama na mtembeza wake kana kwamba mahali pote pale ni pao wawili. Nikamwambia siku moja na mimi nitasimama hapo. Akampimia mama mmoja nyama, akamwongezea kipande cha mafuta, akamwambia asalimie nyumbani. Ndipo akanigeukia. "Na ya hapa umeshamaliza?" Nikacheka nikidhani ni mzaha. Akaniambia nifike kwake kesho kabla ya jua, nivae viatu vya matope, na nije peke yangu.

Tulipanda na pikapu yake hadi upande wa Githongo, tukapita mashamba ya kahawa kungali giza, akaliacha gari kando ya shamba la mama mmoja mzee anayelima chini ya kilima. Juu ya kilima hicho kuna magofu. Watu wa pale huyaita Mawe, basi. Ni ukuta wa duara uliobomoka, mrefu kiasi cha kifua mahali pengine na goti mahali pengine, na una mwanya mmoja tu wa kuingilia. Mwalimu atakwambia ni hekalu la watu wa kale, walipokuwa wakiombea mvua. Mwingine atakwambia ilikuwa boma la ng'ombe. Yeye hakubishana na yeyote. Aliswali kwanza, kwenye mkeka mdogo kando ya pikapu, na alipomaliza akaanza kupanda akinitangulia, pumzi zake nazisikia. Njiani akaniambia nichume majani mabichi, niyaweke chini nikifika kwenye mwanya, ndiyo desturi ya pale, kuonyesha umekuja kwa amani.

Tulipofika juu nikafanya kosa ambalo alisema kila mgeni hulifanya. Niligeukia mashariki, kule Nyambene, simu mkononi, nisubiri jua. Akanishika mabega taratibu, akanizungusha. Watu wa kale, akasema, hawakuja hapa kuangalia jua. Walikuja kuangalia linapofikia. Basi nikasimama nimeligeuzia jua mgongo, nikitazama Mlima Kenya ambao ulikuwa kivuli tu, mara ncha yake ikapata rangi kama ya kaa la moto, kisha rangi ikashuka pole pole kwenye theluji, kwenye miamba, kwenye msitu, ikija upande wetu. "Mimi nikiswali naangalia huku," akasema akionyesha kaskazini. "Nyinyi wageni mnaangalia kule. Wenyewe waliangalia mlima. Kilima kimoja, na kila mtu na upande wake." Akacheka kwa pua. Kisha akaniambia, ingia sasa, jua likiwa bado halijagusa ukuta.

Nikaweka majani yangu, nikaingia. Nilipogeuka kumwonyesha kitu nikaona hakunifuata. Amesimama nje ya mwanya, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri daktari. Nilidhani anapumzika. Nilipotoka akaniuliza nimeona nini, na hakuuliza kama watu wanavyouliza safari ilikuwaje. Aliuliza kama mtu mwenye njaa. Lile jiwe bapa liko katikati au limesogea ukutani? Lina maji? Nyasi za ndani ni fupi au ndefu? Ukiwa umekaa, mlima unauona wote au ukuta unaukata? Nilipomjibu kuhusu maji alifumba macho kidogo, akasema mgeni aliyenitangulia alikuta pakavu. Ndipo nikaelewa. Mtu huyu aliyetuleta wote hajawahi kuingia.

Akanieleza tukishuka. Babu yake alikuja Meru kwa miguu, na wafanyabiashara wa kutoka nyanda za chini, akaoa hapa, akabaki. Baba yake alizaliwa hapa. Yeye alizaliwa hapa. Alipokuwa akipeleka nyama kwenye hoteli za Githongo alfajiri, aliona mlima ukiwaka kutokea pale chini, akapapenda, na wageni walipoanza kumuuliza njia akaona haifai kuleta watu kwenye mahali pa wenyewe bila kuomba. Akaenda kwa ukoo unaopatunza. Wazee wakakaa. Wengine walisema hana neno, wamemjua tangu akiwa mtoto. Wengine wakauliza mtu wa mjini, wa watu wa kuja, ana nini na maombi ya babu zao. Wakaamua katikati, kama tunavyopenda kuamua sisi: alete wageni, lakini yeye asivuke. Na mgeni angevuka? Nilimuuliza hilo. Akasema mgeni anaondoka, hivyo hana shida. Shida ni mtu anayebaki.

Miaka ikaenda hivyo. Kila mara ukoo ule ulipokuwa na mkutano alipeleka ombi tena, kwa adabu, na kila mara akaambiwa wataliangalia. Siku moja tuko kwenye bucha, hakuna mteja, nikamwambia wazi kwamba anajitesa bure. Kule juu alfajiri hakuna askari, hakuna kamera, yule mama wa shamba bado amelala. Angeingia akakaa juu ya jiwe lake hata saa nzima, nani angejua? Alikuwa anafuta kisu. Akaendelea kukifuta. "Nikiingia bila kuitwa," akasema, "nitakuwa nimeingia kwenye mawe tu." Kisha akaniuliza kama nitachukua maini, yamebaki kidogo. Nikamuuliza tena, nikitaka kubadilisha mazungumzo, kwa nini huchukua mgeni mmoja mmoja, na ni heshima ya mahali pale au vipi. Nilitarajia jibu la kiroho. Akasema wakija wawili, wakitoka husimuliana wenyewe kwa wenyewe hadi kwenye gari. "Mimi nabaki na migongo yao." Mke wake alikuwa amefariki zamani, binti yake wa pekee ameolewa Embu. Nikamwambia anifungie yale maini.

Nimekuwa nikiwaza sana wiki hii juu ya mji wetu. Tuna tabia moja ambayo hatuioni kwa sababu tumekulia ndani yake. Sisi si watu wa kumfukuza mtu. Tutanunua kwake, tutacheka naye, tutampigia simu ng'ombe akivunjika mguu, watoto wetu watajua jina lake kabla ya kujua la mjomba. Lakini tunamwekea mstari mahali fulani, mstari mdogo tu, na kwa sababu yeye ana adabu, hatuzungumzii tena jambo hilo. Mimi mwenyewe naona mistari hiyo Gakoromone. Kuna mama ambaye ameuza viazi pale tangu sijazaliwa, na bado akitajwa watu huanza na kwao ni wapi. Ni upweke wa ajabu, upweke wa katikati ya watu wanaokusalimia. Mtu akikuchukia unajua la kufanya. Lakini ukiwa umependwa hadi mlangoni, utalalamika kwa nani?

Siku ya pili baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole binti yake, ambaye alikuwa amefika kutoka Embu naye akiwa amechelewa kidogo, alipata kaburi tayari. Tulikuwa tumekaa kibarazani, chai inapoa, lori likasimama nje. Wakashuka watu wa ule ukoo wa kilimani. Walikuwa wengi, wanawake na thermosi na viazi, wanaume wamevaa makoti ya kanisani, na mbele yao yule mama mzee wa shamba la chini ya Mawe. Walikuwa wamesikia habari wakafanya kama tunavyofanya huku kwetu milimani: wakakusanyana, wakaja kuuliza kamati ya mazishi inakaa lini, mwili uko mochari gani, na kama Jumamosi itafaa au isubiri ile nyingine. Binti akawatazama mmoja mmoja. Akawaambia kwa upole kwamba baba amezikwa juzi. Hakuna aliyeelewa mara moja. Mzee mmoja akauliza amezikwaje na wao hawajaja. Wanawake wakabaki wameshika thermosi kama watu waliobeba kitu cha mtu mwingine.

Yule mama mzee ndiye aliyekaa chini kwanza. Akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, akamwita binti kwa kumwambia mwanangu. "Tulikuwa tumekubaliana aingie," akasema. Akaeleza kwamba katika mkutano wa mwisho hata wale wagumu walilegea, hakuna aliyepinga, wakakata neno. Wangemwita kwa heshima, wamvukishe wenyewe, mchana, watu wakiwepo. Binti akauliza ilikuwa lini. Mama akasema kitambo kidogo. Walitaka tu mwenyekiti wa ukoo arudi kutoka kwa watoto wake, halafu mvua ikaingia, halafu wakasema wangoje wamalize kuchuma kahawa, ndipo watu watakuwa na nafasi. "Na yeye alijua?" binti akauliza. Mama akatazama mikono yake. Hapana, walitaka aambiwe siku yenyewe, afurahi.

Mzee mmoja, nadhani kwa kutaka kutengeneza, akasema basi isiharibike, binti aje yeye, aingie kwa niaba ya baba yake, watamfanyia kila kitu walichopanga. Na nadhani alisema kwa moyo safi. Binti hakukasirika. Alimimina chai kwenye kikombe cha yule mama mzee kwanza, akampa kwa mikono miwili, kisha akajibu. "Mzee, nashukuru. Lakini mimi sikuomba kuingia. Aliyeomba ni yeye."

Wakanywa chai. Wakaomba, binti akaitikia amina. Viazi wakaviacha. Lori liliondoka watu wakiwa hawaongei, na kwa watu wa kule Imenti, wasioishiwa maneno, hilo ni jambo la kuandikwa. Nikabaki kibarazani nikiwaza kwamba kwa muda fulani, huenda miezi, mtu huyu alikuwa akipanda kilima kila alfajiri, akisimama nje ya ukuta ambao tayari ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake. Ruhusa ilikuwepo. Ilikuwa imelala kwenye vifua vya watu wema, inasubiri nafasi. Yeye kule juu hakuwa na njia ya kujua tofauti ya asubuhi aliyokataliwa na asubuhi aliyokubaliwa. Zote zilikuwa baridi ile ile.

Mimi si mhubiri, na mnajua napenda kumaliza kwa kicheko. Leo nitawaachia hili tu. Wengi wetu si watu wabaya, tunachelewesha wema mpaka uwe na sherehe. Kama kuna mtu umemsimamisha nje, awe mkwe, jirani, mpangaji, mtoto wa kambo au yule mnayemwita wa kuja, na moyoni umeshakubali aingie, jua kwamba yeye bado hajaingia. Kukubali kwako hakumfikii mpaka kutoke mdomoni. Mwambie leo, hata kwa simu, hata kama mvua inanyesha na kahawa bado iko mtini.